Dereva wa Greda na Maji ya Mlango wa Jikoni

Zadoki Twesigomwe aliendesha greda miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakuna maji yaliyomshinda barabarani. Alizikwangua barabara za udongo za Kigezi kutoka Kabale mpaka kule Kisoro zinakoingia kwenye ukungu, akiinua mgongo wa barabara hapa, akichimba mchirizi pale, akiyaonyesha maji njia kama askari anayeonyesha magari. Watu wa vijiji vya kando walimwita Mzee Kisu, kwa ajili ya kile chuma kirefu kilichoning'inia tumboni mwa mashine yake. Akipita, walitoa viti nje wakakaa kumtazama. Yeye naye hakugeuza kichwa. Alijua anatazamwa, na kwake hiyo ilikuwa nusu ya mshahara.

Kwake kulikuwa Nyakihanga, kwenye mlima uliosimama wima kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka uani, unakwenda kukiomba kwa jirani wa chini. Nyumba ilijengwa miaka kumi na tisa kabla ya yeye kustaafu, na ilijengwa hayupo. Alikuwa Kisoro. Alituma fedha na maelezo, mkewe Kedresi akasimamia, na fundi akaukata mlima kama alivyozoea kukata matuta ya viazi: kiwanja kikiinamia ndani, kuelekea mlimani, ili maji yasikimbie na udongo. Kwa viazi hilo ni jambo jema. Kwa nyumba, maana yake ni kwamba mvua ikinyesha, maji ya mlima mzima yanashuka, yanakaa nyuma ya ukuta yakipumzika, na yakichoka kukaa yanaingia kwa mlango wa jikoni.

Zadoki hakulijua hilo. Majira ya mvua ndipo barabara huharibika, na barabara zikiharibika yeye yuko huko. Nyumbani alikuja kiangazi, na sukari, mafuta ya taa na hadithi za milimani. Kedresi alimweleza habari ya maji kila mwaka. Kila mwaka Zadoki alitoka, akazunguka nyumba mikono mgongoni, akagonga ukuta wa nyuma kwa kifundo cha kidole. Ni Julai, ukuta umekauka kama biskuti.

"Mama Aloni," alikuwa akisema, "haya unayoyasema ni manyunyu. Ungeyaona maji ya Kanaba, kule njia ya Kisoro, usingeyaita haya maji."

Akastaafu mwezi wa Agosti. Ofisini wakampiga picha kando ya greda, wakampa saa ya ukutani, wakala nyama ya mbuzi, naye akarudi nyumbani moja kwa moja. Wiki tatu za kwanza hakupumzika hata kidogo. Alijenga barabara. Ilikuwa na urefu wa hatua ishirini na mbili, kutoka kwenye lango la mianzi mpaka ubavuni mwa nyumba. Ilikuwa na changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, mgongo katikati, na kingo zilizonyooshwa kwa kamba. Gari hakuwa nalo. Tena njia ya magari iliishia shuleni, mwendo wa nusu saa chini ya mlima.

"Gari linakuja lini?" aliuliza jirani wa chini, Ezra Rwakatungu, mwalimu wa kanisa, mtu wa maneno machache na sauti ya chini.

"Mwalimu, kwanza barabara, gari baadaye. Hujaona gari likitangulia?"

"Nimeona," alisema Rwakatungu. "Ila hilo lilikuwa linaanguka."

Katikati ya Septemba, saa tisa mchana, mvua ya kwanza kubwa ikashuka. Zadoki alikuwa sebuleni na kikombe cha togwa ya mtama, ameridhika, anausikiliza mlio wa mabati. Akaona ndala inapita. Ilitoka upande wa jikoni, ikapita mbele yake polepole, ikaenda mpaka chini ya meza, ikageuka. Ya pili ikaifuata. Akainua miguu.

"Mama Aloni," aliita, "kuna maji humu."

Kedresi alitokea na gunia la majivu la kuzibia mlango begani, sketi ameifunga juu ya magoti. Alikuwa anapita tu. "Yapo," alisema. "Salimianeni. Yameishi humu miaka kumi na tisa na hamjawahi kukutana."

Mpaka saa kumi na moja walikuwa wanachota. Zadoki alichota kwa sufuria, na alichokiona kilimtia aibu kuliko maji yenyewe: mkewe alikuwa na mpango. Alijua gunia lipi linaanza, kiti kipi kinapandishwa juu ya kipi, kuku anafungwa wapi, unga unaning'inizwa kwenye msumari upi. Hakuhema wala hakulaumu. Alifanya kazi kama mtu anayekunja nguo.

Kesho yake Zadoki alitangaza kwamba maji yale yana siku saba.

"Mwite Mauda Kenyangi," alisema Kedresi. "Ndiye anayepima mitaro ya matuta kwa kikundi chetu. Ana fremu yake ya miti."

"Fremu ya miti." Zadoki alilirudia neno hilo kama mtu aliyepewa kijiko akaambiwa achimbe kisima. "Mimi nimepima milima kwa jicho tangu Mauda hajavaa viatu. Hili jicho ni pimamaji, Mama Aloni. Halihitaji vijiti."

Mpango wake ulikuwa kuchimba mtaro juu ya nyumba, kuukatiza mteremko, ili maji ya mlima yadakwe kabla hayajafika ukutani, yapelekwe kando mpaka kwenye ua wa mpakani. Wazo lilikuwa zuri. Lakini akiwa amesimama chini na jembe, aligundua kwamba haoni vizuri. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameitazama ardhi kutoka juu, kwenye kiti cha greda. Basi akabeba meza ya jikoni mpaka mlimani, akaiegemeza kwa mawe isiteleze, akaweka kiti juu ya meza, akapanda, akaketi. Mikono ikajiweka yenyewe mbele, kama imeshika usukani. Kutoka pale akaiona ardhi sawasawa.

Ikawa kazi ya siku sita. Anachimba hatua mbili, anapanda mezani, anatazama, anashuka, anachimba. Wanawake waliokwenda kuchimba viazi walipunguza mwendo. Siku ya tatu walikuja na wenzao.

"Mzee Zadoki," aliita Rwakatungu kutoka njiani, "unahubiri?"

"Napima."

"Aa. Nilidhani umepata wito, nikasema nikupishe."

Ili amalize haraka alianza na ncha zote mbili, kama walivyofanya barabarani, apate kukutana katikati. Akakutana katikati siku ya Jumamosi, akauweka mtaro vizuri, akaupiga kingo, akamwita Kedresi aje auone. Kedresi aliutazama kwa muda. Kisha akautazama mlango wa jikoni, uliokuwa chini kabisa ya katikati ya mtaro.

"Baba Aloni, hapa kati si pameshuka?"

"Ni macho yako."

Mvua ilikuja Jumatatu. Mtaro uliyadaka maji yote ya mlima kama ulivyoagizwa, halikupotea tone. Ukayaleta kutoka kulia, ukayaleta kutoka kushoto, yakakutana pale katikati, yakapanda kingo na kushuka kwa mkupuo mmoja. Zamani maji yalikuwa yanaingia jikoni kwa kunyapa. Siku hiyo yaliusukuma mlango. Zadoki alipofika mbio alimkuta mkewe amekaa juu ya meza, kuku amempakata, sufuria ya maharage inazunguka chumbani kama ngalawa isiyo na mtu.

"Haya ya leo unayaonaje?" aliuliza Kedresi. "Yamefikia ya Kanaba?"

Mtu mwingine angemwita Mauda siku hiyohiyo. Zadoki alikula viazi vyake, akalala mapema, na kulipopambazuka akarudi na meza yake mlimani. Kosa, alisema, lilikuwa la woga. Mteremko alioutia ulikuwa mdogo; maji yanataka mtu mwenye msimamo. Safari hii aliushusha mtaro wote upande wa kushoto, kwa nguvu, kuelekea mpakani, na mwisho wake akauachia pale kwenye ua, akiamini ardhi itayanywa.

Ardhi haikuyanywa. Ua ule ulikuwa kichwani mwa uwanja wa Rwakatungu.

Rwakatungu alikuwa na binti, Alisi, ambaye angeagwa rasmi baada ya wiki tano kwenda kwa mumewe, na huagi binti Kigezi bila pombe ya mtama. Mtama wa shughuli hiyo, madebe manane, alikuwa ameuchanganya na majivu, ameuloweka, na ameufukia kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba ili uchipue. Ilikuwa siku yake ya tatu, umeanza kutoa vijimkia vyeupe. Mvua ya Alhamisi ilileta maji ya mtaro wa Zadoki mpaka pale. Ilipokatika, mtama ulikuwa umetawanyika kwenye njia, kwenye kabichi, kwenye uwanja wa kanisa, na kuku wa mlima mzima walikuwa wanakula kimea bure.

Zadoki alingoja kelele. Hazikuja. Asubuhi yake, saa moja, alisikia hodi. Rwakatungu alikuwa amesimama mlangoni kwa shati la Jumapili, na dumu la lita ishirini mkononi.

"Karibu, Mwalimu. Umebeba nini?"

"Maji yako." Aliliweka dumu kizingitini. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. "Nimeyakuta kwangu. Nikasema huenda unayatafuta."

"Mwalimu, nimesikia habari ya mtama, na moyo umeniuma. Lakini maji hayana mwenyewe. Yanatoka mlimani."

"Miaka yote yalikuwa yanatoka mlimani, na yalikuwa yanapita kwa heshima. Jana yametoka kwenye mtaro. Nimeufuata mtaro mpaka nimefika kwenye jembe, na jembe limeegemea ukuta wako." Akajipangusa mikono. "Leo nimeleta kiasi hiki tu, mgongo unanisumbua. Mengine nitayaleta kidogokidogo."

Na aliyaleta. Ijumaa dumu moja, Jumamosi dumu moja, Jumapili baada ya ibada madumu mawili, akiwa bado amebana kitabu cha nyimbo kwapani. Alipiga hodi, akayatua, akauliza habari za nyumbani, akaondoka. Baya zaidi ni kwamba Kedresi aliyapokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akayamwagia vitunguu vyake.

"Unamshukuru nini?" Zadoki alimuuliza.

"Ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuyatoa maji mahali na kuyapeleka alikotaka yeye."

Jumatatu Zadoki aliporudi kutoka kukata majani ya mbuzi alimkuta Mauda Kenyangi uani. Hakuna aliyeagizwa amwite, na hakuna aliyesema nani amemwita. Mauda alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye buti za mpira na fremu yake begani. Fremu yenyewe ilikuwa miti miwili iliyofungwa pamoja juu na kutanuliwa chini kama miguu ya mtu, na mti wa tatu umeikatiza kiunoni. Kutoka kileleni ilining'inia kamba yenye jiwe. Jiwe likitulia kwenye alama iliyo katikati ya ule mti wa kiunoni, miguu yote miwili iko sawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umepita kutusalimia?"

"Nimepita kutazama mtaro. Huko kwetu unasimuliwa."

Zadoki akapima kwanza kama hayo ni matusi. Kisha akasema vizuri, autazame, na yeye atamwonyesha. Akampeleka kwenye kipande cha uwanja mbele ya nyumba. "Tuanzie hapa. Hapa ni sawa kabisa, kama meza. Weka vijiti vyako tuone kama vinajua kazi."

Mauda akaisimamisha fremu. Jiwe likacheza kidogo, likatulia mbali na alama kwa vidole vitatu.

"Kamba yako imepinda," alisema Zadoki.

Mauda aliigeuza fremu, mguu wa kulia ukaenda wa kushoto. Jiwe likatulia vidole vitatu upande ule ule wa kuteremkia.

"Basi mti umepinda."

"Mzee, nitafutie mahali ambapo wewe unaona hapako sawa."

Zadoki akazunguka, akachagua mahali nyuma ya zizi. "Hapa panainama kulia. Hata mtoto anaona."

Fremu ikasimama. Jiwe likakaa kwenye alama kama limepigiliwa msumari.

Mauda aliliangalia jiwe, kisha akamwangalia Zadoki, safari hii akianzia miguuni na kupanda. Akainamisha kichwa chake mwenyewe upande mmoja, akakirudisha. "Dada Kedresi," aliita, "ile saa ya sebuleni, inayoning'inia vile, nani aliitundika?"

"Yeye," alijibu Kedresi kutoka mlangoni. "Nimeinyoosha mara mbili, ameirudisha mara mbili. Anasema mimi ndiye naipotosha."

"Mzee, tafadhali usinichukie. Umeegemea kushoto."

"Nani?"

"Wewe. Kichwa na bega. Unatazama dunia nzima hivi." Akamwonyesha.

Zadoki akageuka kwa mkewe ili yeye amkatalie. Kedresi hakukataa. Aliingia ndani, akatoka na picha mbili, ile ya arusi na ile ya kustaafu, akampa. Kijana wa arusi alikuwa amesimama kama mlingoti. Mzee wa kustaafu alikuwa ameinama kushoto taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za watu wa chumba cha pili. Na nyuma yake greda ilikuwa imesimama wima, kwa hiyo hakuweza kusema mpiga picha alikosea.

"Ni kile kiti," alisema Kedresi. "Springi ya kushoto ilivunjika mwaka aliozaliwa Aloni. Uliniandikia barua. Ulisema umekunja gunia umeliweka chini, halifai kitu, lakini utazoea."

"Nikazoea," alisema Zadoki.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango na picha zile magotini. Wanawake wawili wakaangalia pembeni, mmoja akakung'uta buti, mwingine akamfukuza kuku ambaye hakuwa na kosa. Miaka ishirini na sita kwenye kiti kilichopinda. Alizipitia kichwani barabara zake zote, moja moja, kwa hofu, kama mtu anayekagua watoto baada ya kusikia kishindo. Kisha bega lake likainuka kidogo.

"Ndiyo maana barabara zangu hazikutuama maji," alisema. "Za wenzangu ziliota mashimo. Zangu zilikuwa zinamwaga upande mmoja. Nilisifiwa kwa hilo."

"Barabara zako hazina neno, Mzee," alisema Mauda. "Ila nyumba hatuiendeshi."

Baada ya hapo akakubali kusikiliza. Mauda alizunguka nyumba mara mbili na kusema mambo yenyewe, bila mapambo. Ile ngema ya nyuma, pale mlima ulipokatwa ukasimama wima, iko karibu mno na ukuta; ikatwe, isogezwe mlimani, pabaki nafasi ya hatua tano. Ardhi iliyo chini ya ukuta inainamia nyumba. Ijazwe udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe, uteremke kutoka ukutani shibiri nzima kwa hatua nne za kwanza, pande zote. Halafu mtaro wa juu ufukiwe, uchimbwe mpya, wenye mteremko mdogo wa kupimwa, usiende kushoto kwa Mwalimu bali kulia, mpaka kwenye korongo ambalo Mungu alilichimba kwa kazi hiyo.

"Kulia kuna barabara yangu," alisema Zadoki.

"Ndiyo, Mzee. Mtaro utaikata."

"Haitakatwa. Uzungusheni mtaro kwa juu."

"Kwa juu ni mwamba."

"Kwa chini."

"Kwa chini ni sebuleni kwako."

Lango likagongwa. Alikuwa Rwakatungu, na madumu mawili. Aliyatua, akamsalimu Mauda, akatazama ile fremu, akatazama uso wa Zadoki, akaelewa kila kitu. "Nisiwakatize," alisema. "Yamebaki kama madumu mia tatu. Nimejipangia mpaka Krismasi."

Zadoki alikwenda mpaka kwenye barabara yake. Aliitembea yote, hatua ishirini na mbili, akarudi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mkono, na hakuna gurudumu lililowahi kuikanyaga ila la toroli la Kedresi likiwa na mbolea. "Ikatwe," alisema. "Lakini nitaikata mimi."

Kikundi cha akina mama kilikuja Jumatano, wanawake kumi na mmoja na majembe yao, na Rwakatungu akaja bila kuitwa, akiwa na sururu, kwa sababu, alisema, anapenda kuona kitu kikielekea upande mwingine. Zadoki aliikata barabara kama daktari wa upasuaji. Aliweka changarawe kando kwenye rundo safi, akachimba, akapanga mawe chini na pembeni ili maji yasile kingo, akaweka na ubao wa kuvukia, ingawa mtu yeyote angeweza kuruka.

Kwenye mtaro hakupewa jembe. Mauda alimpa mguu mmoja wa fremu aushike. Mguu wa mbele ulisimamishwa juu ya kipande cha mti chenye unene wa kidole. Jiwe likitulia kwenye alama, ina maana ardhi ya mbele imeshuka kidole kimoja, wala si zaidi. Wanapigilia kigingi, wanasogea, wanarudia. Kidole kimoja tu. Zadoki aliona ni ubahili. Mara tatu alisema hapa paongezwe, mara tatu jiwe likakataa. Mara ya nne alifungua mdomo, akaliangalia jiwe, akaufunga. Kikundi kizima kilimwona, na kwa wema wakaanza kuzungumza habari ya bei ya viazi.

Siku tatu zikatosha. Upande wa juu wa mtaro wakapanda matete yashike udongo. Nyuma ya nyumba, pale ambapo miaka yote hapakukauka, mfinyanzi ulishindiliwa mpaka ukang'aa kama mgongo wa chungu.

Mvua ilikuja Jumapili, baada ya chakula. Kedresi aliposikia mabati yanaanza alisimama, akafunga sketi juu ya magoti, akachukua gunia la majivu, akaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni. Zadoki akavaa kofia yake ya kazini akatoka. Juu ya nyumba maji yalikuwa yameshaingia mtaroni. Hayakukimbia. Yalitembea, ya rangi ya kahawia, yakapita juu ya jikoni bila kupaangalia, yakapinda, yakashuka kwenye mawe ya barabara iliyokatwa na kutumbukia korongoni kwa sauti nene. Alisimama pale mpaka ukingo wa kofia ukajaa maji, kisha akarudi.

Kedresi alikuwa bado nyuma ya mlango, na gunia lake.

"Liweke chini," alisema Zadoki.

"Ngoja kwanza."

Wakangoja. Mvua ikazidi. Sakafu ilibaki ya kijivu, kavu, na sisimizi mmoja anaikatiza. Hatimaye Kedresi akaliweka gunia, akakaa kwenye kigoda, akaiweka mikono mapajani. Baada ya muda akaitazama mikono hiyo, akaigeuza. "Sasa mtu hufanya nini mvua ikinyesha?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Zadoki alivuta kigoda cha pili. Hakuwa mtu wa kusema mambo ya namna hiyo, na alianza mara mbili akaacha. "Ulikuwa unaniambia," alisema. "Mimi nakuja Julai, nagonga ukuta."

"Uligonga vizuri."

"Ningeomba ruhusa Novemba moja. Moja tu. Wangenipa."

"Novemba ulikuwa unatengeneza barabara za watu." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja siku ya gulio. Kisha akainuka, kwa sababu kukaa kulikuwa kumemshinda, akabandika viazi.

Alisi aliagwa, wiki mbili baada ya tarehe ya kwanza. Mtama wa pili ulichipulia nyuma ya nyumba ya Zadoki, kwenye ule udongo mkavu, na Rwakatungu alikuja kuuchungulia kila asubuhi kana kwamba ni mgonjwa. Pombe ilitoka kali. Kwenye shughuli Rwakatungu alisimama akamshukuru jirani yake mbele ya watu mia mbili kwa kuyaondoa maji yake kwa hiari, na watu wakapiga makofi, na Zadoki hakujua aketi au ainuke.

Siku hizi mtu wa Nyakihanga akitaka kujenga, wanaitwa wawili. Mauda anabeba fremu, Zadoki anashika mguu wa mbele na kutoa maoni. Saa ya sebuleni imenyooshwa, ingawa kila akiingia yeye huiona imepinda na hujikaza asiiguse. Ugomvi uliobaki ni wa majani. Matete yanapukutisha, majani yanaziba mdomo wa mtaro pale korongoni, na mtu hana budi kuyatoa kila wiki. Zadoki anasema ni juu ya Rwakatungu, kwa sababu mtaro ukiziba atakayelowa ni yeye. Rwakatungu anasema majani ya Zadoki, mtaro wa Zadoki. Jumamosi asubuhi utawakuta wote wawili pale, kila mmoja na jembe lake, wakiyatoa na kubishana ni zamu ya nani.